Siku Inayokidai Chungu

Mhadhara wa wazi kuhusu sanaa za jadi, kazi za mikono na sherehe za ibada, Nyamuswa, Wilaya ya Bunda

 

Nimeombwa nizungumzie sanaa za jadi, kazi za mikono na sherehe za ibada za watu wa vijijini. Kwa kawaida mambo haya hugawanywa. Mwalimu wa sanaa hupewa ngoma, afisa maendeleo ya jamii hupewa vikapu na vyungu, na ibada huachiwa padri, mchungaji na shehe. Mimi nitayashika yote kwa mkono mmoja, kwa sababu hapa Ikizu hayakuwahi kuishi mbalimbali. Nami nina jambo moja la kuwaambia: ufundi wa kijijini hulindwa na siku inayoudai. Siku hiyo ikifutwa, fundi anaweza kuwa hai, mikono yake mizima, udongo umejaa bondeni, na bado ufundi ukafa. Ikirudishwa, hata kwa sura mpya, ufundi uliodhaniwa umezikwa huinuka.

Tuanzie hapa hapa. Mlima Chamuriho umebeba jina la Muriho, yule ambaye masimulizi ya Ikizu yanasema aliifungua nchi hii na kuizungushia dawa ya kinga. Kisha yanakuja masimulizi ya Nyakinywa, mwanamke wa mvua aliyetoka Kanadi, upande wa Usukuma, na Isamongo, mwanamume wa moto. Wazee huyasimulia kwa namna zaidi ya moja, lakini kiini hakibadiliki: wawili hao walishindana, moto wa Isamongo ukazimwa na mvua ya Nyakinywa, wakaoana, na utemi wa Ikizu ukaanza kwa mwanamke mwenye mvua. P. M. Mturi na S. Sasora waliyaandika haya katika Historia ya Ikizu na Sizaki, na mwanahistoria Mmarekani Jan Bender Shetler akaiweka kazi yao ndani ya kitabu cha historia za Mara ya kusini alichokihariri mwaka 2003. Ni haki ya kila shule ya tarafa hii kuwa na nakala yake. Kitabu kimesafiri hadi maktaba za Ulaya na Marekani, na watoto wa watu waliosimulia bado hawajakigusa.

Sasa tazameni kilichomo ndani ya masimulizi hayo kwa jicho la fundi. Mtemi akiwa mtu wa mvua, mwaka unakuwa na msimu wa kumwendea. Kumwendea kunataka pombe ya ulezi. Pombe inataka mtungi wa kuchachushia, na mtungi unataka mfinyanzi. Ulezi unataka ungo wa kupepetea na jiwe la kusagia, na jiwe lenyewe linataka mtu ajuaye kulinoa kwa kuligonga-gonga likichoka. Wageni wanataka viti, vijana wanataka ngoma iliyowambwa upya, maziwa yanataka kibuyu kilichofukizwa moshi. Mafundi hao hawakuwa na duka wala soko la Jumamosi. Walikuwa na kalenda. Kila mmoja alijua mwezi ambao nchi ingekuja kubisha hodi kwake.

Na mvua ilikuwa sehemu moja tu. Zilikuwapo nyangi, sherehe zinazompandisha mtu ngazi kwa ngazi hadi heshima ya uzee, kila ngazi na gharama yake ya mifugo na pombe. Ilikuwapo kazi ya rikora, kizazi kinachopokea dhamana ya nchi na kuitembea mipaka yake ili ipoe na ipate kinga. Zilikuwapo emisambwa, chemchemi na miamba na vilele ambako wenyeji wa kale wa nchi hukumbukwa na kuombwa. Jirani zetu Waikoma wana Machaba, pembe za ndovu ambazo kwa masimulizi yao zilitokana na uaguzi wa Watatoga, na ambazo nje ya ibada yake zingekuwa pembe tu. Kwa Wakuria wa Tarime na Serengeti kuna litungu, zeze kubwa la nyuzi nane lenye mlio mzito unaosikika kifuani kabla ya kufika masikioni, na wachezaji wake huvaa viatu vinene vya mti vinavyougonga udongo kama ngoma ya pili. Seremala wa viatu hivyo alihitaji nini ili aendelee kuvichonga? Alihitaji watu wawe na sababu ya kucheza.

Naomba tukae kidogo kwenye chungu, kwa maana ndicho nikijuacho vizuri zaidi.

Mfinyanzi wa huku kwetu, na wa upande wa ziwani, hachoti udongo popote. Anaujua ukingo wa bonde wenye udongo unaonata bila kupasuka, na mahali pengi kuna miiko ya nani asogee machimboni na lini. Udongo ukifika nyumbani huondolewa mawe na mizizi, hulowekwa, hukandwa, kisha huchanganywa na vigae vya chungu cha zamani vilivyotwangwa. Hapo tusimame. Chungu kilichovunjika hakitupwi, kinaingia katika mwili wa kijacho, na sababu yake ni ya kitaalamu kabisa. Vigae vilikwisha kupita motoni, havinywei tena, kwa hiyo vinauzuia udongo mbichi usipasuke unapokauka na unapochomwa. Mama ambaye hakukanyaga darasa la kemia aliyapata haya kwa mama yake, naye kwa wake.

Baada ya hapo huviringisha pindi za udongo na kuzipandisha duara juu ya duara, mkono mmoja ndani na mmoja nje, yeye mwenyewe akikizunguka chungu, kwa kuwa gurudumu hana. Ndani hulainisha kwa kipande cha kibuyu. Kisha huja urembo. Ugwe mfupi wa nyasi zilizosokotwa huviringishwa shingoni na mabegani mwa chungu kikiwa bado kibichi, ukaacha mistari ya vijishimo vinavyofuatana. Mtu wa mjini huuona urembo huo na kuusifu kwa uzuri. Mwenye kubeba mtungi uliolowa maji anajua pia kwamba vidole vyake hupata pa kushika palepale penye vijishimo. Wanaakiolojia hukuta vigae vyenye alama za ugwe wa namna hii katika makazi ya kale kuzunguka Ziwa Viktoria, kwa hiyo mama huyu akiuviringisha ugwe wake anarudia kitendo chenye umri wa karne nyingi. Chungu hukaa kivulini siku kadhaa, kisha huchomwa peupe, bila tanuri, kwa kuni, nyasi na samadi kavu. Kikiwa na unyevu uliojificha ndani, hupasuka kwa kishindo, na kazi ya wiki nzima imekwisha.

Watu husema plastiki ndiyo iliyomuua mfinyanzi. Mimi sina ugomvi na ndoo ya plastiki. Ni nyepesi kichwani mwa binti anayepanda mlima na maji, na binti huyo anastahili wepesi huo. Ndoo ilimnyang'anya mfinyanzi kazi ya kisimani. Haikumnyang'anya kazi ya sherehe, kwa sababu hakuna mzee aliyetaka pombe ya nyangi ichachuke ndani ya ndoo. Kilichomaliza kazi ya sherehe ni kukosekana kwa sherehe.

Na hizo zilikosekana kwa sababu tunazozijua. Mwaka 1963 sheria iliwaondolea watemi madaraka yao ya kiserikali. Taifa changa lilikuwa na haki ya kutaka serikali moja, na simlaumu yeyote. Lakini huku Ikizu, ambako watu kama Mtemi Makongoro Matutu walikuwa watawala machoni pa Waingereza na watu wa mvua machoni pa raia, kufuta cheo kulitikisa kalenda nzima iliyoning'inia juu yake. Kabla ya hapo Wasabato walikwisha kuweka misheni Ikizu, Wakatoliki Nyegina, Wamennonite Shirati mwaka 1934. Walileta shule na hospitali zilizotusomesha na kututibu, na papo hapo wakawakataza waumini ngoma na pombe. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyotangazwa mwaka 1951, iliyachukua maeneo ambayo Waishenyi, Wanata na Waikoma huyataja katika masimulizi ya asili yao, na mtu hawezi kwenda kuomba mahali ambapo atakamatwa kwa kuingia. Miaka ya 1970 Operesheni Vijiji ilitusogeza barabarani, tukayaacha mahame na miti iliyojua majina yetu. Pamba na mihogo vikachukua mashamba ya ulezi.

Serikali haikulala. Mwalimu Nyerere, mtoto wa Mtemi Burito wa Wazanaki, jirani yetu wa Butiama, alilihutubia Bunge tarehe 10 Desemba 1962 akiwa Rais mpya wa Jamhuri, akatangaza Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Alisikitika kwamba wasomi wetu wanajua rumba, chachacha na walzi, lakini gombesugu, mangala, kiduo na lele mama wengi wao hata hawajapata kuziona. Hotuba ile bado inanichoma kila nikiisoma. Kikundi cha taifa cha ngoma kikaundwa. Mwaka 1967 Kijiji cha Makumbusho kikafunguliwa Dar es Salaam na nyumba za makabila zikajengwa pale. Mwaka 1981 kikaja Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Mwaka 1999 Butiama nayo ikapata makumbusho ya Mwalimu, na walimu mliopo hapa mnaweza kuwapeleka wanafunzi na kurudi siku hiyo hiyo.

Nayaheshimu yote hayo. Hata hivyo njia iliyochukuliwa ilikuwa kuing'oa ngoma katika siku yake na kuipandisha jukwaani. Ngoma iliyochezwa usiku kucha kwa sababu ya mvua ikakatwa iwe ya dakika chache uwanja wa ndege, mgeni akipungiwa mkono. Wachezaji wakawa hodari kuliko wa kijijini, na hodari wa kijijini wakaacha kucheza. Makumbusho nayo hufanya kazi yake kwa uaminifu: yanahifadhi kitu. Haja ya kitu hayana pa kuiweka.

Ndiyo maana nataka twende mbali, hadi Bengali, nchi ya mito iliyogawanyika kati ya jimbo la West Bengal nchini India na taifa la Bangladesh. Wao ni watu wa mpunga na samaki, wamepata njaa, mafuriko, ukoloni wa Waingereza kama sisi, na mpaka uliowagawa mwaka 1947. Wana viwanda na plastiki kutuzidi. Sanaa zao za vijijini zingalipaswa kuwa zimekwisha zamani.

Kila mwaka, kati ya Septemba na Oktoba, Wahindu wa Bengali huadhimisha Durga Puja, sherehe ya mungu-mke Durga. Wafinyanzi wa mtaa wa Kumartuli jijini Kolkata, na wenzao vijijini, huanza kazi miezi mingi kabla. Hufunga mianzi kuwa kiunzi cha sanamu. Huviringisha mabua makavu ya mpunga na kuyafunga kwa kamba hadi yapate kifua, mapaja na shingo. Huyapaka udongo wa mto tabaka kwa tabaka, huziba nyufa kwa vitambaa vilivyochovywa katika udongo laini, hupaka rangi, na macho huyaacha yawe ya mwisho. Ndiye Durga huyo, mwenye mikono kumi, amempanda simba, anamchoma adui yake mwenye umbo la nyati. Watu huabudu, hula pamoja, hutembea usiku kucha kutoka banda hadi banda, wapiga ngoma wa vijijini wakiwa wamekuja mjini kwa ajili ya siku hizo. Siku ya mwisho sanamu hubebwa hadi mtoni na kuzamishwa. Rangi huondoka, udongo hulainika, mabua huelea. Kazi ya miezi imeyeyuka.

Mwakani inaanza upya, na ndipo penye siri yote. Fundi ambaye hakubakiza hata sanamu moja ana uhakika wa kazi kuliko yule ambaye sanamu yake imefungiwa katika kabati la vioo. Mwanawe lazima ajifunze, kwa sababu Durga atahitajika tena. Desemba 2021 UNESCO iliiingiza Durga Puja ya Kolkata katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Walichokiandikisha ni sherehe. Sanamu zenyewe zilikwisha kwenda na maji.

Ndivyo ilivyo hata katika mambo madogo ya nyumbani. Siku ya Lakshmi, mama wa kijijini huloweka mchele, huusaga uwe uji mweupe, na kwa kidole huchora sakafuni nyayo ndogo za mungu-mke huyo zikitoka mlangoni kuelekea penye akiba ya nafaka. Kufikia kesho zimekanyagwa na watoto na kuku. Binti aliyekaa kando akimtazama mama yake ameokota mchoro ule, naye atauchora akiolewa. Sari zikichakaa hazitupwi: hupangwa tabaka kadhaa, hushonwa kwa mishono midogo ya kwenda mbele, zikawa kantha, blanketi lenye samaki, maua na tembo, la kumfunikia mtoto atakayezaliwa.

Katika kijiji cha Naya, wilayani Paschim Medinipur, wanaishi wachoraji waitwao patua. Huchora visa kwenye karatasi ndefu zilizogundishwa kitambaa nyuma, kisha huzikunjua picha moja moja huku wakiimba kisa na kuonyesha kwa kidole. Wengi wao ni Waislamu, na visa vingi wanavyoviimba ni vya miungu ya Kihindu. Nalitaja hili kwa makusudi katika ukumbi wenye Msabato, Mkatoliki, Mmennonite, Mwislamu na mzee ambaye bado anaijua njia ya kwenda kwenye emisambwa. Mtu anaweza kusimama imara katika imani yake na bado akawa mtunzaji wa masimulizi ya jirani.

Na siku mpya inaweza kuanzishwa. Mwaka 1989 wanafunzi na walimu wa sanaa wa Chuo Kikuu cha Dhaka, katika Bangladesh iliyokuwa chini ya utawala wa kijeshi, walitoka barabarani siku ya mwaka mpya wa Kibengali na vinyago na wanyama wakubwa wa karatasi na mianzi. Maumbo waliyatoa kwa mafundi wa vijijini: wanasesere wa udongo, vinyago, vifaa vya watoto vya minadani. Mwaka 2016 UNESCO iliyaandikisha maandamano hayo. Kitu kilichoanza mikononi mwa vijana kikageuka desturi ya taifa kabla vijana wenyewe hawajazeeka.

Karibu zaidi na sisi, Busoga nchini Uganda, kuna bigwala, tarumbeta za vibuyu virefu vilivyounganishwa. Kila tarumbeta ina sauti moja tu, kwa hiyo wimbo haupatikani mpaka wapigaji kadhaa wapokezane, kila mmoja akipuliza palipo pake. Zilikuwa za kifalme, za kutawazwa na za misiba. Falme za Uganda zikafutwa mwaka 1967, siku za bigwala zikaondoka nazo. Mwaka 2012, UNESCO ilipoziingiza katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, waliobaki wakizijua vizuri walikuwa wazee wachache mno. Waliojitoa kuzifufua walikuta tatizo ambalo halimo katika muziki: vibuyu vyenyewe havikuwapo tena. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kuvipanda. Wakaanza na mbegu. Wakalima vibuyu kwanza, wakasubiri vikomae, ndipo vijana wakafundishwa kupuliza. Sijapata kusikia kisa kinachoonyesha waziwazi zaidi jinsi ibada, shamba na ufundi vinavyoshikana mizizi.

Hapa lazima niseme jambo zito, tena mbele ya mabinti hawa. Hoja yangu inakata pande mbili. Kama siku ndiyo inayoulinda ufundi, basi siku hiyo hiyo ndiyo inayokilinda kisu. Mkoani Mara ukeketaji umedumu kwa sababu umefungwa ndani ya msimu wa furaha: nyimbo, zawadi, ng'ombe, ndugu waliotoka mbali, binti kuonekana mtu mzima mbele ya rika lake. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, na bado msimu ukifika wasichana hukimbilia nyumba salama za Mugumu na Masanga, wengine wakitembea usiku. Binti anayemkimbia baba yake Desemba si mharibifu wa mila. Ni mtoto anayeutetea mwili wake, na mila ndiyo inayopaswa kumfuata aliko. Katika nyumba hizo wasichana hufundishwa, huimba, huhitimu na kukabidhiwa tena kwa jamii bila kukatwa. Yaani siku imebaki, kisu kimeondolewa. Wabengali nao wamelazimika kujirekebisha: rangi zenye sumu zilikuwa zikichafua mito wakati wa kuzamisha sanamu, mamlaka zikadai rangi zisizo na madhara. Durga hakupungukiwa kitu.

Sasa turudi Nyamuswa, tuulize ni siku zipi tulizonazo leo.

Ukitaka kuiona sanaa ya kijijini iliyo hai Ikizu, nenda makambi ya Wasabato. Familia huhamia na mikeka na vyombo, watu hulala viwanjani, na kwaya huwa zimefanya mazoezi kwa miezi. Mtunzi wa kwaya ya mtaa, anayetafuta sauti ya tatu bila kinanda na bila noti, ni msanii wa jadi kwa maana kamili ya neno hilo, hata kama wimbo wake unatoka Danieli na Ufunuo. Msikilize anavyoipokea sauti ya kiongozi na kuirudisha kwa umati: mpokezano huo haukuja na meli. Makambi yana kila kitu nilichokisema: tarehe isiyokosa, watu wengi, chakula, wimbo mpya unaodaiwa kila mwaka. Yanachokosa ni mikono ya mfinyanzi na ya msusi. Msabato hanywi pombe, na sitamwomba mtu yeyote akiuke imani yake. Lakini maji ya kunywa ya makambi yanaweza kukaa katika mitungi ya udongo, yakawa baridi bila friji, na mfinyanzi wa bonde letu akajua kwamba kila mwaka mwezi fulani kanisa litahitaji mitungi yake. Mikeka tunayonunua ya plastiki iliwahi kusukwa hapa.

Kama kuna mchungaji ana shaka, atazame Bujora, Kisesa, nje kidogo ya Mwanza. Padri David Clement, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, aliona kwamba Wasukuma wana msimu wao mkubwa wa ngoma baada ya mavuno, Juni na kuendelea, na kwamba sikukuu ya Ekaristi huangukia humo humo. Akaviacha vikutane. Ndiyo Bulabo: maandamano ya Ekaristi, na baada yake mashindano ya Bagika na Bagalu, makundi mawili yanayojinasibisha na waganga Ngika na Gumha wa karne ya 19, kila kundi likivuta watazamaji upande wake kwa ngoma ya bugobogobo, nyoka na vituko vipya. Makumbusho yapo pale pale, na jumba la utemi limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi. Lakini kinachoyapa uhai ni Juni. Ili kumshinda mpinzani lazima uwambe ngoma mpya, ushone vazi jipya, ubuni mzaha ambao hajauona.

Barabara yetu ya kwenda Kisorya inaelekea Ukerewe, kwa Aniceti Kitereza, aliyemaliza kuandika kwa Kikerewe mwaka 1945 kisa cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, kikachapwa kwa Kiswahili mwaka 1980. Wanafunzi mkikisoma, angalieni alivyofanya: pombe, uvuvi, dawa na vyombo vyote vimeandikwa ndani ya shughuli inayovihitaji, harusi, ugonjwa, uzazi. Nawaomba tuandike ya Ikizu hivyo hivyo. Tusiorodheshe vyungu. Tuorodheshe siku, na chini ya kila siku tuandike inahitaji nini na ni nani anajua kukitengeneza.

Orodha hiyo ikiwapo, halmashauri ya kijiji ina cha kufanyia kazi. Mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji unaweza kuyatenga machimbo ya udongo na maeneo ya emisambwa kabla mtu hajajenga juu yake. Tanzania iliridhia mwaka 2011 mkataba wa UNESCO wa kulinda urithi usioshikika. Wenzetu wa Kenya wamekwisha kuandikisha taratibu za jiwe la Kit Mikayi karibu na Kisumu, mwaka 2019, na Chamuriho si mlima wa kudharaulika mbele ya Kit Mikayi. Shule nazo zinaweza kuchagua siku moja ya baada ya mavuno iwe ya ulezi, yenye uji kwa wanaokataa pombe, wanafunzi wakiulima wenyewe na wakiunywa katika vyungu walivyovifinyanga pamoja na bibi zao.

Akina mama wenye mbegu za kibuyu cha shingo ndefu, na wenye ulezi wa zamani ambao bado hamjauchanganya na wa dukani, naomba msiondoke kabla hatujaonana. Na ninyi wazee mnaokumbuka machimbo yalikuwa wapi kabla ya Operesheni Vijiji, vijana wawili wa kidato cha tatu wamebeba daftari na ramani ya kijiji. Watawafuata mlipokaa.